Besi iliyonyamaza kwa sababu mbaya: kisa cha gitaa la Uyole

Gitaa lenyewe ni la nyuzi nne. Mwili ni wa mninga, shingo imetoka kwenye besi ya kiwandani iliyopasuka mwili, na aliyelitengeneza ni kijana wa Uyole, hapa Mbeya, mpiga besi wa kwaya. Kazi ya mbao kaifanya kwa patasi, randa na msasa, na upande huo sina la kumkosoa. Shingo imekaa sawa, nyuzi hazigongi frati (vile vichuma vya kukatiza shingo), na kishimo cha vifaa vya umeme kina kina cha kutosha, jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipunja. Balaa lilianza waya zilipoingia.

"Shikamoo fundi. Hii besi inakwaruza na kunguruma, halafu ikiacha kunguruma inakuwa haina besi."

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niweke pembeni kazi nyingine. Mtu akilalamika kwamba gitaa linanguruma, sababu ziko nyingi na fundi yeyote anazijua kichwani. Akisema mngurumo ukiondoka na uzito wa sauti unaondoka nao, hapo ameshakupa nusu ya jibu.

Nikamwomba anisimulie yote kabla sijagusa skrubu. Volyumu zote mbili zikifunguliwa mpaka mwisho, kunatulia kidogo, lakini sauti inakuwa nyembamba, ya puani, ngoma inaimeza. Akipunguza kidogo ile ya pikapu ya nyuma (pikapu ni kile kidude cha sumaku na koili ya waya kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikia), uzito unarudi na mngurumo unaingia. Akiifunga kabisa, gitaa zima linakufa, hata pikapu ya mbele haisikiki. Kitufe cha toni akizungusha hakuna cha maana kinachobadilika. Juu ya hayo yote kuna mkwaruzo wa zzzz usiokoma, ashike nyuzi asishike. La mwisho alilitaja huku akicheka: mwalimu wa kwaya anadai besi ile "haitulii kwenye G", wakati tyuna inaonyesha nyuzi zote ziko sawa.

Mwalimu yule ana sikio. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. G ya chini kwenye besi, ile ya frati ya tatu kwenye uzi wa E, ni hezi 49. Uzi wa G ukipigwa wazi ni hezi 98, na mngurumo wa umeme huwa na mwenzake wa hezi 100. Sauti mbili zikiachana kwa hezi moja au mbili, sikio halisikii noti mbili, linasikia noti moja inayovimba na kupungua, mara moja au mbili kila sekunde. Kwaya ikiimba kwa G, basi do yenyewe ndiyo inayoyumba. Marekani umeme ni wa hezi 60 na mngurumo wao unaangukia katikati ya A# na B, kwa hiyo huko mwalimu asingelalamikia G. Huku kwetu ndiyo noti ya kuitilia shaka kwanza, na hakuna tyuna itakayoiponya.

Ndani ya kishimo

Mpangilio aliokusudia ulikuwa ule wa Jazz Bass, gitaa ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1960: pikapu mbili za koili moja moja, volyumu mbili, toni moja, jeki (tundu la kuchomekea kebo), bila betri. Ni mpangilio mzuri kwa anayeanza kwa sababu vifaa ni vichache na kila kimoja unaweza kukipima kwa mita ya kawaida.

Poti zake tatu, yaani vile vifaa vya upinzani vinavyozungushwa na vitufe vya volyumu na toni, zilitoka kwenye redio ya zamani na zote ziliandikwa B50K. Herufi B maana yake upinzani unapanda kwa usawa tangu mwanzo hadi mwisho. A ni ile inayopanda polepole kisha kwa kasi, na ndiyo inayolingana na namna sikio linavyosikia ukubwa wa sauti. Lakini kilichoumiza zaidi ni hiyo 50K, yaani kiloomu 50 tu za upinzani. Poti, hata ikiwa imefunguliwa mwisho, bado ni njia ya kwenda ardhini, yaani kwenye waya wa pamoja ambako sauti hupotelea, na njia ikiwa nyepesi namna hiyo sauti za juu zinamezwa kabla hazijafika kwenye jeki. Besi ya koili moja isiyo na betri hupewa 250K. Kapasita ya toni iliandikwa 472. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sufuri katika pikofaradi, kwa hiyo 472 ni 4,700 wakati mpangilio huu kwa kawaida hutumia 473, yaani 47,000. Amekosa kwa mara kumi, ndiyo maana toni ilikuwa pambo. Kapasita nilikuwa nayo. Poti za A250K hatukuzipata sokoni Mwanjelwa, zikaja na basi kutoka Dar.

Lehemu za kwenye miguu ya poti zilikuwa safi. Za migongoni zilikuwa mbaya. Mgongo wa poti ni bati linalosambaza joto haraka. Ukigusa kwa ncha nyembamba, risasi ya kulehemia inayeyuka lakini bati lenyewe bado baridi, na risasi inajikunja juu yake bila kushika. Niliweka ukucha chini ya tone moja la waya wa ardhi, likabanduka zima, likaacha bati linang'aa halina hata alama. Dawa yake ni kukwaruza mgongo kwa msasa, kuupaka risasi kidogo peke yake kwanza kwa ncha pana, kisha ndiyo waya uje. Ukikaa na joto juu ya poti kwa muda mrefu unaipika ndani, kwa hiyo ncha pana yenye joto la kutosha na haraka ni salama kuliko ncha ndogo inayobembeleza.

Kifo cha gitaa zima kilikuwa suala la mguu upi unapokea nini. Yeye alifuata mchoro wa volyumu moja: waya wa pikapu kwenye mguu wa pembeni, mguu wa kati unatoka kwenda kwenye jeki, mguu wa pembeni wa pili unakwenda ardhini. Kwa gitaa lenye volyumu moja hakuna kasoro. Zikiwa mbili, miguu ya kati ya poti zote imeungana pale kwenye jeki. Ukifunga moja, mguu wake wa kati unalala juu ya ardhi, na kwa kuwa umeungana na mwenzake, unaburuta sauti yote ardhini. Kinachotakiwa ni kugeuza: pikapu iingie mguu wa kati, mguu wa pembeni ndio utoke kwenda kwenye jeki. Hapo ukifunga moja, pikapu ile tu ndiyo inayokwenda ardhini, na njia ya mwenzake inabaki imetengwa na upinzani wote wa poti, ile 250K. Kuna hasara ndogo, ukipunguza volyumu kidogo na rangi ya sauti inabadilika kidogo, lakini wapiga besi wengi wameshaizoea na wengine wanaitafuta.

Niliyafanya haya kwanza kwa makusudi. Mpaka hapo hakuna aliyewahi kusikia pikapu ya mbele ikilia peke yake kwenye gitaa hilo, wala ya nyuma. Sasa ingewezekana.

Pikapu mbili zinazopingana

Kila moja peke yake ililia vizuri, nzito, yenye meno. Na kila moja peke yake ilinguruma. Zikiunganishwa, mngurumo ukapotea na uzito ukapotea nao, kama alivyosema.

Nilizipima. Ya mbele ilisoma kiloomu 7.1, ya nyuma 7.2. Kijana alishtuka, maana muuzaji alimwambia 7.5. Ilikuwa asubuhi ya Juni, na anayeijua Uyole ya Juni anajua vidole vinavyokuwa. Upinzani wa shaba hupungua kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Pikapu ya 7.5 iliyopimwa kwenye nyuzi 20 itasoma 7.2 kwenye nyuzi 10. Usirudishe pikapu dukani kwa sababu ya baridi.

Vipimo vikiwa sawa namna ile, nikatazama urefu. Seti ya kawaida ya Jazz Bass ina pikapu ya nyuma ndefu kidogo kuliko ya mbele, kwa milimita chache. Hizi zilikuwa sawasawa. Kauziwa pikapu mbili za mbele. Hapo ndipo dira ya watoto wa shule inapofaa: nikaisogeza juu ya nguzo (vile vichuma vilivyosimama chini ya nyuzi) za kila pikapu, na zote mbili zikavuta ncha ileile ya mshale. Sumaku zimeelekea upande mmoja, na kwa kuwa ni pikapu pacha, koili zimesukwa upande mmoja. Halafu mita ya mshale ikaeleza kilichobaki. Ukiweka ncha zake kwenye waya za pikapu na kugusa nguzo kwa bisibisi ya chuma, mshale unaruka kidogo. Ya mbele uliruka kulia. Ya nyuma, kwenye waya zilezile kama zilivyolehemiwa, uliruka kushoto. Kwenye ile ya nyuma alikuwa amepeleka waya mweupe ardhini na mweusi kwenye poti.

Fundi mwenye haraka anageuza waya mbili hizo, anafunga kifuniko, anadai pesa. Uzito wa sauti utarudi, hilo ni kweli. Lakini mngurumo nao utajumlishwa mara mbili, na mteja atarudi akisema umeniharibia, maana angalau zamani zikiwa zote wazi kulikuwa kimya.

Inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo pikapu inavisikia kwa namna tofauti. Sauti ya uzi inatokana na chuma kinachotikisika mbele ya sumaku, kwa hiyo upande wake unaamuliwa na sumaku na koili kwa pamoja: geuza kimoja, sauti inageuka, geuza vyote viwili, inarudi ilipokuwa. Mngurumo wa umeme unatoka hewani, kwenye transfoma na waya za ukutani, na unaingia moja kwa moja kwenye koili. Sumaku haiuhusu. Upande wake unaamuliwa na koili peke yake. Ndiyo sababu jozi nyingi za pikapu za Jazz Bass hutengenezwa moja ikiwa imegeuzwa koili na sumaku vyote viwili: sauti zinajumlishana, mngurumo unafutana. Fender walitumia hesabu hiyohiyo kwenye pikapu ya Precision, besi yao nyingine, waliyoigawa vipande viwili mwaka 1957.

Besi ya kijana ilikuwa imegeuzwa koili, kwa kugeuza waya, na sumaku ikabaki vilevile. Kwa hiyo mngurumo ulifutwa, na sauti nayo ikafutwa. Noti za chini ndizo zinazoumia zaidi kwa sababu kwenye mawimbi marefu pikapu mbili zilizo karibu zinasikia kitu kilekile karibu kwa wakati uleule. Ule ukimya aliokuwa anaukimbilia kila Jumapili ulikuwa ni nusu ya matengenezo sahihi yaliyofanyika kwa bahati.

Waya, basi, ziliachwa zilivyo. Kilichogeuzwa ni sumaku.

Hili linawezekana kwenye pikapu za bei ya chini, na hapa ndipo zinapozishinda za bei ghali. Pikapu zenye nguzo za alniko zina sumaku nne au nane ambazo ndizo nguzo zenyewe, na koili imesukwa kuzizunguka. Ukizisukuma unakata waya. Za kijana zilikuwa na nguzo za chuma cha kawaida na kipande kimoja bapa cha sumaku ya feraiti kilichogundishwa chini. Tuliipasha moto kidogo gundi, tukapitisha wembe mwembamba kati ya sumaku na kitako, polepole, upande ulio mbali na pale waya za koili zinapotokea. Waya wa koili una unene wa kama milimita 0.06. Ukiukwangua tu, umepata kazi ya kusuka upya koili yenye mizunguko elfu kadhaa. Sumaku ilipoachia tukaigeuza, uso wa chini ukawa juu, tukairudisha kwa gundi. Dira ikasoma kinyume. Mita ikaruka kulia kwa pikapu zote mbili.

Tulipozifungua zote mwisho, uzi wa E ulitikisa kikombe cha chai mezani. Mngurumo haukuwepo.

Waya uliokatwa

Mkwaruzo ulikuwepo. Ule wa zzzz ni kitu kingine kabisa. Hauingii kwa njia ya sumaku, unaingia kwa njia ya uga wa umeme, na mwili wa mpigaji ndio antena yake kubwa. Umesimama kwenye chumba chenye waya za volti 230 kila ukuta, mwili wako unabeba kiasi kidogo cha hizo hezi 50 na takataka zinazotoka kwenye taa na chaja, kisha unakumbatia gitaa. Kwenye besi iliyotengenezwa vizuri, ukishika nyuzi mkwaruzo unakatika, kwa sababu kuna waya unaotoka mgongoni mwa poti, unapita kwenye tundu jembamba ndani ya mbao, unalala chini ya briji, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa. Briji inagusa nyuzi, nyuzi zinagusa wewe, na mwili wako unageuka kutoka antena kuwa ngao.

Nilitazama chini ya briji. Tundu lipo. Waya upo, umekatwa kwa plaizi, ncha imefungwa tepu nyeusi. Aliyetoboa tundu lile alijua anachofanya, kwa hiyo nikamuuliza nani kakata.

"Mimi, fundi. Ilikuwa inanipiga shoti."

Pale kanisani yeye hupiga besi na kuimba sauti ya tatu. Kila midomo ikigusa maiki huku mkono uko kwenye nyuzi, anatekenywa midomoni, siku nyingine anapigwa mpaka anaruka. Mwenzake wa gitaa la solo akamwambia akate waya wa briji. Akakata, shoti ikaisha. Mkwaruzo ukaanza wiki hiyohiyo, ila yeye aliuhesabu kuwa tatizo jipya la pikapu.

Hapa ndipo sikubaliani kabisa na ushauri unaotembea kwa wapiga magitaa wengi. Gitaa lisilo na betri haliwezi kumpiga mtu shoti kwa umeme wake. Kinachotoka kwenye pikapu ni sehemu ndogo ya volti moja. Waya wa briji hauleti umeme, unakuunganisha na bodi ya ampu, yaani mwili wake wa chuma, kupitia kebo. Ukipigwa, maana yake bodi ya ampu na kichwa cha maiki haviko kwenye volti moja, na wewe ndiye daraja kati yao. Kukata waya kunakuondoa wewe pale kwenye nyuzi tu. Volti ile imebaki palepale, inamsubiri atakayeshika jeki, au kitufe cha chuma, au ampu yenyewe huku mkono wa pili uko kwenye stendi ya maiki. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea baada ya kushika maiki iliyokuwa na kasoro ya athi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Yule alikuwa na bendi kubwa, ukumbi, na mafundi.

Waya wa briji niliurudisha, nikaipima besi kwenye ampu yangu yenye athi, mkwaruzo ukakatika kila aliposhika nyuzi. Nikamwambia besi isiende kanisani mpaka na sisi tumekwenda na mita.

Ekstensheni

Miksa ya kanisa imechomekwa kwenye soketi ya ukutani karibu na madhabahu. Ampu ya besi iko upande wa pili, na umeme wake unafika kwa ekstensheni nyeupe ya matundu matatu matatu. Mita ikawekwa kwenye volti za AC, ncha moja kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye uzi wa besi iliyokuwa imelala kwenye kiti, hakuna mtu anayeigusa. Ikasoma volti 104.

Nikaichomoa ekstensheni ukutani na kuifungua mgongo. Matundu matatu kwa kila soketi, waya mbili tu ndani, nyekundu na nyeusi. Tundu la athi lilikuwa na kipande chake cha shaba, kizuri, kinang'aa, na hakijaunganishwa na kitu chochote. Kwenye moja ya matundu hayo bado kulikuwa na kifuniko cha kalamu ya biki kilichochomekwa ili plagi ya miguu miwili ya kinanda iingie. Ekstensheni za namna hii zimejaa madukani na hazina alama ya kukuonya. Uzito wa waya tu ndio unaoweza kukutia shaka.

Volti 104 zilitoka wapi kama ampu ni nzima? Ampu ya aina ile ina ugavi wa umeme wa swichi, na ndani yake kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka laivu kwenda kwenye bodi, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bodi. Athi ikiwepo, mvujo huo mdogo unashuka ardhini kimya kimya. Isipokuwepo, bodi inaelea katikati ya laivu na nyutro, yaani karibu na nusu ya 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana ulikuwa unamtekenya na kumshtua tu. Lakini siku insulesheni ya ndani itakapopasuka, bodi ileile na nyuzi zilezile zitabeba 230 kamili, na bila athi hakuna fyuzi itakayokatika kwa sababu umeme hauna pa kwenda isipokuwa kwa mtu.

Tuliweka ekstensheni ya waya tatu, nene, tukaichomeka kwenye soketi ileile ya miksa. Kipimo kati ya maiki na nyuzi kikashuka chini ya volti moja. Kuchomeka vyote mahali pamoja kuna faida ya ziada, ampu na miksa zinakuwa na njia moja ya athi na hazizungushi mngurumo kati yao. Kisha wazee wa kanisa wakaita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, apime nondo ya athi nje karibu na mita ya LUKU na kuweka kikata umeme cha miliampia 30 kwenye mstari wa jukwaa. Hiyo si kazi ya fundi magitaa, na kijana wa kwaya mwenye tesita asijaribu.

Yule wa gitaa la solo alikuwepo. Akauliza kwa nini tusiweke rezista kwenye waya wa briji badala ya kusumbua ukuta. Swali si la kipuuzi. Wapo wanaofunga rezista ya kiloomu 220 pamoja na kapasita ndogo ya volti kubwa, na kwa volti 230 rezista hiyo inapitisha kama miliampia moja tu. Inapunguza makali kwenye nyuzi. Haifanyi lolote kwa bati la jeki, na kiwiko chako kinaligusa. Kwa anayesafiri na kupiga kila wiki kwenye ukumbi asioujua, aiweke. Kwa kanisa ambalo ukuta wake uko palepale miaka yote, tengeneza ukuta.

Foili, na kilichobaki

Kishimo alikuwa amekiziba kwa foili ya jikoni, wazo zuri lililoharibiwa na gundi. Kila kipande kilipakwa gundi ya mbao na kulazwa juu ya mwenzake, kwa hiyo kati ya kipande na kipande kulikuwa na utando usiopitisha umeme. Mita ikiwekwa kwenye mlio, ule unaolia umeme ukipita, haikulia popote. Ngao ya vipande visivyogusana na visivyofika ardhini si ngao. Risasi ya kawaida haishiki kwenye aluminiamu, kwa hiyo tulikunja kingo za kila kipande ili chuma kiguse chuma, tukazibana kwa skrubu fupi zenye washa, na chini ya skrubu mojawapo tukaweka waya wa kwenda mgongoni mwa poti. Kifuniko nacho kikapata foili. Karibu na jeki tuliacha nafasi na tepu ya umeme, maana ncha ya plagi ikigusa foili gitaa linakuwa bubu kila unapochomeka kebo, na utatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale.

Foili imepunguza mkwaruzo akiwa ameachia nyuzi. Haizuii mngurumo wa sumaku, na nilimweleza mapema asije akadhani nimemwibia: akipiga pikapu moja peke yake, mngurumo utasikika, na hakuna foili ya kuuondoa. Ageuke robo mzunguko, asisimame karibu na ampu, simu asiiweke mfukoni karibu na pikapu, maana mawasiliano ya zile za GSM yana mapigo 217 kwa sekunde na pikapu inayasikia yote. Zikiwa mbili zimefunguliwa sawa, ni kimya, na uzito upo. Mwalimu wa kwaya hajalalamikia G tena. Sasa analalamika kwamba besi inawafunika sopurano.

Kijana ameshaanza kuulizia preampu ya betri, kile kikuza sauti kidogo kinachokaa ndani ya gitaa. Nafasi ipo, betri ya volti 9 itakaa kwenye kishimo hichohicho upande wa toni. Jeki itabidi ibadilishwe iwe ya stereo, ili mguu wa tatu uiwashe betri pale tu plagi inapoingia, na atalazimika kuzoea kuchomoa kebo kila akimaliza la sivyo betri itakwisha usiku. Tumepanga kuifanya Pasaka ikishapita, kwa sababu kabla ya hapo wana mazoezi karibu kila jioni na kwaya haina besi nyingine.